Kidogo Kidogo, Lakini Kutoka Wapi?

Somo: Mithali 13:11, Isaya 65:11, 1 Wakorintho 8:9-13, Waefeso 4:28

 

Huu ndio ujumbe wa Jumapili kwa maandishi, kwa ajili ya wale ambao hamkuwepo na kwa wapendwa wetu wa upande wa Makueni wanaousoma katika ushirika wa nyumbani. Nimeuandika karibu jinsi nilivyouhubiri. Nimeongeza hesabu kidogo, maana kwenye mimbari saa haikuniruhusu.

Fungua Mithali 13:11. Sulemani anasema mambo mawili katika mstari mmoja. Mali inayokuja kwa haraka hupungua. Mali inayokusanywa kidogo kidogo huongezeka. Mstari huu tumeuhubiri sana hapa Kitui tangu kubeti kwa simu kulipoingia vijijini. Tumeuhubiri juu ya mkeka wa mechi kumi na saba. Tumeuhubiri juu ya jekipoti, na juu ya ule mchezo wa ndege inayopaa halafu inapotea na pesa yako. Vijana walisikia. Wengine waliacha.

Sasa wamekuja na swali lingine, na si swali la kipuuzi. Wanauliza, "Pasta, na kama si ya haraka? Kama ni kidogo kidogo?"

Mpendwa, mtu akikuuliza swali la namna hiyo usimkemee. Kaa chini, umjibu.

Bahasha ya shilingi 1,090

Mwezi wa nane kijana mmoja wa kanisa letu aliniletea bahasha baada ya ibada. Amenipa ruhusa nieleze bila jina. Ndani mlikuwa na shilingi 1,090, na juu yake ameandika "fungu la kumi". Hata ile tisini hakuiacha. Nikamuuliza, biashara gani hii? Akanitolea kitabu, exercise book ya kawaida ya kurasa 96, akaniambia, "Pasta, soma kwanza ndipo uniseme."

Nikasoma. Mwezi wa kwanza alianza na shilingi 500. Anacheza mchezo wa karata kwa simu unaoitwa poka. Kwa akina mama ambao hawaujui: kila mchezaji anapewa karata mbili ambazo wengine hawazioni. Halafu karata tano zinafunuliwa katikati ya meza, si zote kwa mara moja. Kila awamu watu wanaongeza pesa au wanajitoa. Mwishoni, mwenye karata bora anachukua pesa yote iliyo katikati. Au yule aliyewatisha wenzake mpaka wote wakajitoa, huyo naye anachukua, hata kama karata zake ni takataka.

Kijana huyu ana kanuni. Haweki mezani zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya pesa yake. Alipokuwa na 500, alikaa na 25. Alipofika 10,000, akakaa na 500. Akipoteza hiyo, anafunga simu analala. Hachezi akiwa na hasira. Hachezi na pesa ya Fuliza. Kila usiku anaandika alianza saa ngapi, akamaliza saa ngapi, amepata nini, amepoteza nini. Kwa wiki thelathini ile 500 ilikuwa imefika 11,400. Anataka ifike 40,000, anunue mashine ya kuangulia vifaranga, aachane na karata.

Nimesomea biashara chuoni, na nimeona vitabu vya hesabu vya watu wenye maduka makubwa ambavyo havifiki nusu ya usafi wa kitabu kile. Kwa hiyo nitasema ukweli juu yake. Kijana huyu si mvivu wala mlevi, na pesa ya mtu hajaiba. Poka pia si kama ule mchezo wa ndege. Kwenye ndege unashindana na mashine ya kampuni, na mashine hiyo imepangwa ishinde. Kwenye poka unashindana na watu kama wewe. Mwenye akili na subira, kwa muda mrefu, anaweza kuwashinda wasio na akili na subira. Hilo ni kweli, na tusijifanye hatulijui.

Tena Biblia haina mstari unaosema moja kwa moja, "usicheze karata." Vijana wanajua. Wananikumbusha hata mitume walipiga kura kumchagua Mathiya, Matendo 1:26. Sawa. Lakini kuna kura nyingine pia, Yohana 19, ambapo askari waligawana kwa kura nguo ya mtu waliyekuwa wamemvua, naye ananing'inia juu yao. Kura ya mitume haikumnyang'anya mtu chochote. Ile ya askari ilikuwa na mtu aliyebaki uchi. Kwa hiyo tusiulize tu kama kuna kura au karata. Tuulize ni nani amevuliwa nguo.

Nina maswali matatu ya kuuliza juu ya pesa yoyote inayokua. Mwambie jirani yako, "Maswali matatu!"

Swali la kwanza: Inatoka wapi?

Mama anapanda pojo kule Mutomo. Mvua ya mwezi wa kumi na moja inanyesha, anavuna magunia mawili. Magunia hayo hayakuwepo duniani mwezi wa tisa. Anayanunua mfanyabiashara, anayapeleka Nairobi, anapata faida yake. Mama amefurahi, mfanyabiashara amefurahi, na mtu wa Nairobi amekula. Kwa maembe ya Makueni ni vivyo hivyo. Katika Mathayo 25 wale watumwa wawili walikwenda kufanya biashara na talanta walizopewa. Biashara ni hiyo: wawili wanakutana, na kila mmoja anaondoka na kitu alichokihitaji zaidi ya kile alichokitoa.

Sasa tuketi mezani pa poka na kalamu. Tuseme wachezaji ni sita, kila mmoja amekuja na 500. Jumla ni 3,000. Mwenye meza, yaani kampuni, hachezi. Yeye anakata kidogo kwenye kila fungu linaloshindaniwa. Tuseme ni asilimia 5, na usiku mmoja mafungu yote yaliyoshindaniwa yanafika 6,000, maana pesa ile ile inazunguka mara nyingi. Asilimia 5 ya 6,000 ni 300. Kwa hiyo wale sita walikuja na 3,000, wanakwenda kulala na 2,700. Hakuna aliyepanda mbegu wala kushona nguo, na hakuna aliyebeba abiria. Wakirudi watu wale wale na pesa ile ile kwa usiku kumi wa namna hiyo, mwenye meza atakuwa ameimaliza yote 3,000.

Umeona? Meza hiyo haiwezi kuishi kwa pesa yake yenyewe. Kila wiki lazima aingie mtu mgeni na pesa mpya, tena mtu asiyejua kucheza vizuri, maana anayejua haachi pesa. Ukiwa wewe ndiye unayeshinda, basi chakula chako ni huyo mgeni.

Wazee mnakumbuka DECI? Mwaka 2006 na 2007 watu wengi wa Mungu katika nchi hii "walipanda mbegu" kule, na waliovuna mapema walivuna kweli. Walikuja kanisani kushuhudia. Lakini mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu ya waliokuja nyuma, na wa nyuma walipokosa wa kuwafuata, shamba likafungwa. Poka si DECI. Kwenye poka hakuna aliyekuahidi mavuno, na kila mtu anajua anashindana. Hata hivyo, swali la kuuliza ni lile lile. Pesa hii mpya imetoka mfukoni mwa nani?

Nilimuuliza kijana wangu, "Hizi 10,900 za faida, ni nani alizipoteza?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Pasta, sijui. Wana majina ya kubuni tu na picha za simba."

Isaya 65:11 inawazungumzia watu waliomwacha Bwana, wakausahau mlima wake mtakatifu, wakaenda kuiandalia bahati meza kama vile ni mungu. Nilipousoma mstari huo wiki hii, lile neno "meza" lilinisimamisha. Meza ya Bwana ina mkate unaomegwa ili kila mtu apate. Meza ya bahati ina mkate mmoja, na wote wanatazamana macho kuona ni nani atanyang'anywa.

Swali la pili: Inamfanya nani kuwa nani?

Kwanza tumalize hesabu, ndipo tuingie rohoni. Kitabu chake kilikuwa na masaa, kwa hiyo tulikaa tukapiga pamoja. Usiku sita kwa wiki, masaa matatu kila usiku, kwa wiki thelathini, ni masaa 540. Gawa 10,900 kwa 540. Ni shilingi 20 kwa saa. Halafu nikamuuliza kuhusu bundles, maana hakuwa ameziandika. Shilingi 20 kila usiku, kwa usiku 180, ni 3,600. Toa hiyo. Imebaki 7,300, ambayo ni shilingi 13 na nusu kwa saa. Kijana aliguna. "Pasta, si hata kupalilia kunalipa zaidi!"

Na hapo hatujafika kwa serikali. Tangu Julai 2025, kwenye kampuni za michezo ya pesa zenye leseni hapa Kenya, unakatwa ushuru wa asilimia 5 unapoweka pesa na asilimia 5 nyingine unapoitoa. Ukiweka 1,000 na uitoe bila kugusa hata karata moja, karibu shilingi 100 zimeshaenda. Ukikimbilia meza ya ng'ambo isiyo na leseni hapa, siku itakapokataa kukulipa utaenda kwa chifu wa wapi?

Lakini shilingi zinaweza kurudi. Masaa hayarudi. Masaa 540 ni mengi kuliko ibada zote za Jumapili za miaka mitatu. Ni masaa ya usiku, mlango umefungwa, na kazi yenyewe ni kusoma udhaifu wa mtu mwingine: huyu ana hasira sasa, huyu amechoka, huyu amelewa, mwongezee dau. Paulo anaandika katika Waefeso 4:28 kwamba aliyekuwa mwizi asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake apate kitu cha kumgawia mhitaji. Mtume anataka tumtazame mhitaji ili tumpe. Mezani unajifunza kumtazama mhitaji ili umle. Ukifanya zoezi hilo usiku sita kwa wiki, macho yako yatakuwa ya namna gani asubuhi ukikutana na jirani?

Swali la tatu: Inaishia kwa nani?

Hapa ndipo ujumbe huu ulinitoa machozi, na ndiyo sababu nimeomba ruhusa ya kijana, ya mdogo wake na ya mama yao kabla ya kuandika. Mama alisema, "Andika, Pasta. Kuna mama mwingine ambaye bado hajajua."

Kijana wetu ana mdogo wake wa miaka 19, aliye mwaka wa kwanza chuoni. Kwa miezi saba mdogo alilala chumba kimoja na kaka yake, akiona simu inawaka usiku, akiona kitabu, akiona pesa inaongezeka. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu. Mwezi wa tisa mama aliuza mbuzi wawili, akamtumia shilingi 6,000 kwa M-Pesa akamilishe karo. Kijana alijiambia ataiongeza kwanza ifike 10,000, alipe karo na amrudishie mama mbuzi mmoja. Moyo wake ulikuwa mzuri! Alitaka kumshangaza mama.

Yeye hakuwa na kanuni ya sehemu moja ya ishirini. Usiku wa kwanza aliweka 1,500, akapata, ikawa 7,800. Akaona amejua. Usiku wa pili ilikwisha yote kabla ya saa saba. Usiku wa tatu aliingia na Fuliza. Mama alijua siku chuo kilipomrudisha nyumbani, na begi lake liko mgongoni.

Sasa fikiria. Zile 6,000 zilikwenda wapi? Sehemu kwa mwenye meza. Nyingine kwa mtu fulani mwenye picha ya simba, mwenye subira, mwenye kanuni, mwenye kitabu safi. Labda huyo naye alipeleka fungu la kumi kanisani kwake Jumapili iliyofuata.

Kaka mkubwa alipokuja kwangu baada ya hapo hakuwa tena na maneno ya kujitetea. Alisema kitu kimoja tu: "Pasta, nimekuwa nikiwala watu kama huyu mdogo wangu." Mimi sikuongeza neno. Roho Mtakatifu alikuwa ameshahubiri.

Paulo alilijua jambo hili miaka elfu mbili kabla ya simu. Katika 1 Wakorintho 8 anazungumza na Wakristo wenye nguvu, waliojua kwamba sanamu si kitu na nyama ni nyama tu. Hawakukosea katika elimu yao. Lakini Paulo anawauliza juu ya ndugu dhaifu anayewaona wameketi pale. Elimu yako inamwangamiza mtu ambaye Kristo alimfia. Wewe una kanuni ya asilimia 5. Ndugu yako ana Fuliza. Wewe unajua kufunga simu, yeye hajui. Yeye hakuangalia kanuni yako, aliangalia salio lako.

Kama bado unadhani nidhamu inatosha, nikupe mfano wa mtu aliyekuwa na nidhamu kuliko sisi sote. Chris Ferguson ni Mmarekani mwenye shahada ya udaktari katika sayansi ya kompyuta, na mwaka 2000 alikuwa bingwa wa dunia wa poka. Mwaka 2006 alijiwekea shindano: aanze na dola sifuri kabisa, acheze ile michezo ya bure yenye zawadi ndogo, kidogo kidogo afikishe dola 10,000. Mwaka 2007 alifika. Kanuni yake ilikuwa asilimia 5 mezani, na asilimia 2 tu kwenye mashindano makubwa. Kanuni ya kijana wetu wa Kitui, hata kama hajui, inafanana na ya mtu huyo. Wengi duniani wanamtaja kama ushahidi kwamba inawezekana. Na kweli iliwezekana.

Lakini meza aliyochezea ilikuwa ya kampuni iliyoitwa Full Tilt Poker, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani iliifungia tovuti hiyo. Baadaye mwaka huo waendesha mashtaka walisema kampuni ilikuwa inadaiwa na wachezaji wa dunia nzima dola milioni 390 hivi, na benki ilikuwa na kama milioni 60 tu. Wachezaji wa Marekani walingoja mpaka mwaka 2014 ndipo malipo ya kwanza yakatoka. Fikiria mtu aliyekusanya kidogo kidogo kwa miaka mitano, senti kwa senti, kwa nidhamu yote, halafu asubuhi moja namba iliyo kwenye kioo si pesa tena. Alikuwa mwaminifu kwa kanuni. Ghala lenyewe ndilo lililotoboka.

Bahasha ile ilikwenda wapi?

Wengi mmeniuliza, kwa hiyo nitajibu. Niliirudisha. Sikuirudisha kwa sababu noti zina pepo. Kumbukumbu la Torati 23:18 inatuonyesha kwamba kuna mapato ambayo Mungu hataki yaletwe nyumbani mwake, hata mletaji akiwa na nia njema. Na Daudi, katika 2 Samweli 24:24, alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu. Bahasha ile ilikuwa imemgharimu mtu, lakini mtu huyo hakuwa mtoaji.

Nilimwambia hivi: "Toa pesa yote uliyonayo mezani. Kwanza mlipe mama 6,000 za mdogo wako." Zakayo katika Luka 19 hakuanza na sadaka ya hekalu. Alianza na maskini na watu aliowadhulumu. Kijana alilipa karo Jumatano ile ile, na mdogo amerudi chuoni. Kuhusu pesa iliyobaki bado tunazungumza. Kuna siku anataka kuitoa, kuna siku anasema ingefika 40,000 kufikia Krismasi. Mwombeeni. Ni rahisi kuacha kitu kilichokushinda. Ni vigumu sana kuacha kitu unachokishinda.

Kidogo kidogo ya Ukambani

Mungu hakutuacha bila picha ya kile Sulemani alichosema. Nenda kwenye mito yetu ya msimu, Kitui na Makueni, utaona mabwawa ya mchanga. Hapa Kitui pekee yako mamia. Watu wanakuja kutoka nchi nyingine kuyaona, na sisi tunayapita kila siku kwa bodaboda.

Linajengwa namna gani? Kijiji kinaitana kwa mwethya, kama baba zetu walivyofanya walipochimba matuta. Wanabeba mawe. Wanajenga ukuta kukata mto, ukuta unaosimama juu ya mwamba. Ukimaliza kuujenga, mwaka huo huna maji mengi. Unangoja. Mvua inakuja, mafuriko yanaleta mchanga. Mchanga mzito unakaa nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu. Mvua nyingine, mchanga mwingine. Msimu kwa msimu mahali pale panajaa, na ndani ya mchanga maji yamejificha, jua haliyapati. Mwezi wa tisa, wakati ng'ombe wanakufa mahali pengine, unachimba kwa mkono unakunywa. Na visima vya majirani vilivyo karibu na mto navyo vinapanda, hata vya wale ambao hawakubeba jiwe.

Hiyo ndiyo kidogo kidogo ya Mithali 13:11. Inakua polepole, inasimama juu ya mwamba, na ikijaa hakuna jirani aliyelala na kiu kwa sababu yako. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha nani kinapungua wakati chako kinajaa? Jiulize hilo kabla ya kusema "Mungu amenibariki."

Kwa hiyo, kijana unayesoma hapa na una akaunti kwenye simu yako, iwe poka, iwe mkeka, iwe ndege, nakuomba mambo manne wiki hii. Toa salio lote, usiache hata la "kujaribu". Mwambie mtu mmoja ana kwa ana: mke wako, mama yako, au mimi. Kama una Fuliza ya michezo, imalize kabla ya kununua kitu kingine. Na kama kuna mtu wa nyumbani aliyeumia, anza kumlipa yeye, hata kwa 100 kwa wiki.

Halafu lete ule ujuzi wako. Nasema kwa moyo wote. Subira ya kusema "leo inatosha," kuandika kila shilingi, kutoweka pesa yote mahali pamoja, hizo ni talanta, na kikundi cha vijana cha kuweka na kukopeshana kinazihitaji sana. Kijana mwenye kitabu amekubali kuanza kutufundisha kuweka hesabu, Jumamosi saa nane mchana baada ya mazoezi ya kwaya. Njoo na kalamu. Mashine ya vifaranga itanunuliwa, tena mapema kuliko kwa shilingi 13 na nusu kwa saa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Taja chanzo kimoja cha mapato yako. Ni nani anayefurahi unapopata? Kuna anayelia?

2. Someni 1 Wakorintho 8:9-13. Ni jambo gani unaloliweza wewe bila madhara, lakini anayekutazama hawezi?

3. Tukijua kijana wa nyumba fulani amepoteza karo, sisi kama ushirika tutafanya nini kabla ya kumlaumu?

Tuombe

Baba, asante kwa mkate wa leo. Tusamehe pale tuliposhiba kwa njaa ya mtu ambaye hatukumwona uso. Wakumbuke vijana walio macho usiku huu na simu mkononi, wa Kitui, wa Wote, wa Kibwezi na Mwingi. Mkumbuke mama aliyeuza mbuzi. Mpe kijana wetu nguvu ya kuamka mezani wakati bado anashinda. Tufundishe kujenga juu ya Mwamba, jiwe kwa jiwe, mpaka majirani zetu nao wanywe. Katika jina la Yesu. Amina.